Siku moja Mombasa: Tsavo au mjini?
Dada, kwa kuwa meli yenu inatia nanga Kilindini asubuhi na kuondoka jioni, mbuga ya wanyama ya Tsavo iacheni. Voi, mji wa kuingilia mbugani, uko zaidi ya kilomita 100, na foleni ya malori barabara ile inaweza kuwachelewesha hadi meli iwaache. Nendeni ngome ya Fort Jesus mapema, jua halijawa kali. Wareno walianza kuijenga 1593, na kuta zake za matumbawe bado zimesimama imara. Kisha ingieni Mji wa Kale kwa miguu, taratibu, mtazame milango ya nakshi. Mavazi yawe ya heshima, watu wanaishi mle na misikiti ni mingi. Na tafadhali, msiondoke bila kuonja mbaazi kwa mahamri na kahawa chungu!