Airisi Yangu Haichanui Mara ya Pili

SWALI: Miaka miwili iliyopita nilipanda maua ya airisi, zile ndefu zenye ndevu (manyoya mafupi ndani ya ua), aina ya Immortality, katika bustani yetu hapa Richmond, Virginia. Muuzaji alinieleza kwamba huchanua mwezi Mei na kurudia wakati majani ya miti yanapopukutika, lakini mpaka sasa nimeona maua ya Mei tu. Jirani amenishauri nisizimwagilie kabisa wakati wa kiangazi, nami nimezifunika kwa matandazo kama tulivyozoea kufunika mboga kule Moshi. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, wewe uliyetoka Moshi utanielewa upesi nikikutajia mgomba. Mgomba ukishatoa mkungu hauzai tena. Chipukizi lililo ubavuni mwake ndilo hushika zamu. Airisi nayo ni vivyo hivyo: tunguu lake, linalolala chini kama la tangawizi, likishatoa bua la maua halitoi jingine, na maua ya Oktoba unayoyangoja hutoka katika machipukizi ya pembeni, ambayo sharti yakomae ndani ya miezi minne au mitano tu. Ushauri wa jirani yako unazifaa airisi za kawaida, zinazopumzika wakati wa joto. Zako hazipumziki, na ukizinyima maji mwezi Julai machipukizi hudumaa mpaka mwaka ujao.

Kwa hiyo maua ya Mei yanapokwisha, kata mabua yaliyochanua karibu na tunguu, weka kando ya mmea mbolea kidogo yenye naitrojeni haba na fosforasi zaidi, kisha mvua isiponyesha mwagilia mara moja kwa wiki, maji yazame hadi mizizini, na uache udongo wa juu ukauke kabla ya kumwagilia tena.

Matandazo yaondoe leo. Mgongo wa tunguu hutaka kuota jua, na ukiufunika katika joto la Virginia lenye unyevu, bakteria wa uozo laini huingia na kuligeuza tunguu kuwa uji unaonuka. Ukikuta sehemu iliyooza, ikate mpaka ufikie nyama ngumu, uache jeraha likauke juani. Kama kuna mti unaozitia kivuli, zihamishe Julai au Agosti mahali penye jua la saa sita au zaidi kwa siku, ingawa mmea uliohamishwa huenda usirudie kuchanua mwaka huo.

Usikate tamaa na aina hiyo. Ilizalishwa na Lloyd Zurbrigg, profesa wa muziki aliyefundisha Radford, katika jimbo lako hilo hilo, ikasajiliwa mwaka 1982, na ni miongoni mwa airisi nyeupe ninazoziamini zaidi kwa kurudia.

Jambo la mwisho ni sakitu, yaani umande unaoganda kwa baridi, ambayo kwenu mara nyingi huanza mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba. Ukisikia inakuja usiku, na matumba yameanza kuonyesha weupe, kata bua zima ulitie katika chombo cha maji ndani ya nyumba. Matumba yatafunguka moja baada ya jingine mezani pako.