Makala ni yako, je, ni toleo gani unaloweza kuwapa wenzako? Majibu kwa watafiti wa Bukavu, Goma na Lubumbashi

Ninafanya kazi katika maktaba ya chuo hapa Bukavu, na barua ninazopata kutoka kwa walimu na watafiti wa miji yetu hii mitatu zinarudia jambo moja linaloniuma. Mtu amefanya utafiti wake Kabare, Masisi au Kipushi, amepima udongo na maji ya wenyeji, amewauliza maswali nao wakamjibu kwa moyo mmoja, kisha makala inatoka katika jarida ambalo wenyeji hao, na hata wanafunzi wake mwenyewe, hawawezi kulifungua. Nyingi kati ya makala hizo zingesomwa bure, tena kwa njia halali kabisa, kama mwandishi angejua ni toleo gani analoruhusiwa kulitoa na kama angelitunza. Nimeyafupisha maswali bila kugusa maana yake.

Mimi ni asistenti hapa Bukavu. Makala yangu juu ya mmomonyoko wa udongo ilitoka katika jarida la Ulaya, na mwanafunzi wangu akitaka kuifungua anadaiwa dola. Je, nimekatazwa kumpa kazi niliyoiandika mwenyewe?

Ndugu asistenti, yote yanategemea ni faili ipi unayotaka kumpa, kwa sababu makala moja hupita katika hali tatu na kila hali ina masharti yake. Kuna rasimu ya awali, ile uliyoituma kwenye jarida kabla mhakiki yeyote, yaani mtaalamu anayeombwa na jarida kuipima kazi, hajaisoma. Kuna nakala iliyokubaliwa: umekwisha kurekebisha yote waliyoyadai wahakiki, mhariri amekuandikia kwamba makala imepokelewa, lakini bado ni faili yako ya Word, mistari imeachana na majedwali yamewekwa mwishoni. Halafu kuna toleo lililochapwa, lenye nembo ya jarida, safu mbili, nambari za kurasa na tarehe ya kutoka. Ukiziweka hizo mbili za mwisho mezani, moja kando ya nyingine, utaona kwamba tarakimu za majedwali ni zile zile na hitimisho ni lile lile. Kilichoongezeka ni upangaji wa kurasa na mkono wa msahihishaji.

Mkataba uliousaini makala ilipokubaliwa, ambao wengi wetu tunaubonyeza bila kuusoma, mara nyingi unamhamishia mchapishaji haki ya kunakili na kusambaza, au unampa leseni ya pekee. Ndiyo maana toleo lililochapwa halipandishwi kwenye intaneti bila ruhusa, hata kama jina lako ndilo la kwanza. Nakala iliyokubaliwa, kwa upande wake, wachapishaji wengi wakubwa wanakuachia, kwa masharti nitakayoyaeleza mbele. Kumtumia mwanafunzi mmoja nakala kwa barua pepe kwa ajili ya masomo yake ni jambo ambalo wengi wao wanaliruhusu waziwazi, kwa hiyo mtumie leo. Kama makala yako ilitoka chini ya CC BY ya Creative Commons, yaani leseni inayomruhusu kila mtu kunakili na kusambaza mradi ataje chanzo, hakuna cha kuuliza: hata toleo lililochapwa unaweza kuliweka popote, ukitaja jarida lilikotoka.

Tena kuna mlango ambao vyuo vyetu vinausahau. Kongo yetu imo katika kundi la nchi zinazopewa bure huduma za Research4Life, yaani Hinari kwa majarida ya afya, iliyoanza 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, na AGORA kwa kilimo, iliyofuata 2003. Taasisi ndiyo inayojiandikisha, si mtu binafsi. Mwulize mkutubi wenu kama nywila ipo. Nimewahi kukuta nywila imelala katika droo miaka miwili bila mwalimu hata mmoja kuambiwa.

Niko Goma, ni C.T. (chef de travaux, ngazi ya ualimu iliyo juu ya asistenti) katika kitivo cha sayansi. Nilibaki na PDF ya jarida tu. Kompyuta yenye rasimu zangu iliibwa. Nitaipata wapi hiyo nakala iliyokubaliwa?

Pole sana, C.T. Rudi kwanza kwenye mfumo wa jarida ulikoituma makala. Akaunti yako kwa kawaida bado ipo, na faili za marekebisho ya mwisho hubaki humo kwa muda mrefu baada ya makala kutoka. Chukua ile ya duru ya mwisho, iliyotangulia barua ya kukubaliwa. Usipoipata, tafuta katika barua pepe zilizotumwa, kisha waulize waandishi wenzako, hasa yule aliyekuwa akiwasiliana na jarida.

Jihadhari na makosa mawili. Prufu, ile PDF waliyokutumia uisahihishe, si nakala iliyokubaliwa, kwani imekwisha kupita mikononi mwa wapangaji wa mchapishaji. Na kuchukua PDF ya jarida ukafuta nembo na nambari za kurasa hakuibadilishi kuwa nakala yako. Kwa makala zijazo, siku ile ile barua ya kukubaliwa inapoingia, hifadhi faili kwa jina lenye mwaka na neno «imekubaliwa», jitumie mwenyewe kwa barua pepe, na uweke nyingine kwenye flashi inayokaa nyumbani. Ninalisisitiza hili kuliko mengine yote niliyoandika hapa, kwa maana ruhusa ya mchapishaji haina faida kwa mtu asiyekuwa na faili.

Mimi ni daktari Lubumbashi, tunachunguza afya ya familia zinazokaa karibu na migodi. Tukiweka rasimu hadharani kabla ya kuituma, je, jarida halitatukataa?

Daktari, hofu hiyo ina historia. Mwaka 1969 Franz Ingelfinger, mhariri wa New England Journal of Medicine, aliweka kanuni ya kutopokea makala ambayo imekwisha kutolewa mahali pengine, na majarida mengi ya tiba yakaifuata. Wanafizikia nao walishika njia yao: tangu 1991, Paul Ginsparg alipoanzisha hazina ya arXiv, yaani ghala la makala kwenye intaneti, huko Los Alamos, Marekani, wamezoea kuweka rasimu hadharani na kuituma kwenye jarida baadaye. Biolojia ilipata bioRxiv mwaka 2013, na tiba ikapata medRxiv mwaka 2019. Leo majarida mengi, hata ya tiba, hayaihesabu rasimu iliyowekwa katika hazina kama hizo kuwa imechapishwa tayari. Lakini soma maelekezo ya jarida unalolilenga kabla ya kuiweka, kwa sababu bado yapo yanayokataa.

Kwa utafiti wenu ninaongeza mambo mawili. medRxiv hudai maelezo juu ya kibali cha kamati ya maadili, na haipokei taarifa za mgonjwa mmoja mmoja. Pili, rasimu haijahakikiwa, na habari za metali katika damu ya watoto zinaenea mjini haraka kuliko ufafanuzi wake. Andikeni wazi katika ukurasa wa kwanza kwamba kazi bado haijapitiwa, na muzungumze na familia zenyewe kabla hazijasikia redioni.

Mkataba wangu unasema nakala iliyokubaliwa naweza kuitoa baada ya «muda wa kusubiri». Ni miezi mingapi?

Inategemea mchapishaji, na ndani ya mchapishaji mmoja inategemea jarida. Majarida ya kulipia ya Springer kwa kawaida hudai miezi 12 tangu makala itoke mara ya kwanza kabla ya kuiweka katika hazina ya chuo. Elsevier hudai mara nyingi kati ya miezi 12 na 24, na kwa baadhi ya majarida zaidi ya hapo. Hata hivyo humruhusu mwandishi kuiweka mara moja katika tovuti yake binafsi isiyo ya biashara, na hutaka nakala hiyo iwe na leseni ya CC BY-NC-ND, yaani isiuzwe wala isigeuzwe. Sage na Emerald hawadai kusubiri kwa nakala iliyokubaliwa. Masharti haya hubadilika, kwa hiyo yaangalie katika ukurasa wa jarida lako au katika orodha inayotunzwa na shirika la Jisc la Uingereza, ambayo watafiti wengi wanaijua kwa jina la Sherpa Romeo. Unaandika jina la jarida, nayo inakuonyesha toleo kwa toleo: wapi, lini, kwa leseni gani.

Usingoje muda uishe ndipo uanze. Hazina nyingi zinakuruhusu kupandisha faili leo na kuandika tarehe ya kufunguka. Taarifa za makala zinaonekana tangu sasa, na siku ikifika faili inajifungua yenyewe, hata kama wewe uko kijijini bila mtandao.

Mwandishi mwenzangu anafundisha Ubelgiji na utafiti ulilipiwa na fedha za serikali ya huko. Je, hilo linabadilisha kitu?

Linabadilisha sana, Mama Profesa. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 30 Julai 2018 inampa mwandishi wa makala ya kisayansi haki ya kuitoa bure hadharani ikiwa angalau nusu ya utafiti imegharimiwa na fedha za umma: miezi 12 baada ya kutoka kwa sayansi za jamii na fasihi, miezi 6 kwa sayansi nyingine. Haki hiyo haiwezi kuondolewa na mkataba. Ufaransa ina sheria inayofanana nayo tangu tarehe 7 Oktoba 2016, yenye miezi ile ile. Mwombe mwenzako aiweke nakala iliyokubaliwa katika hazina ya chuo chake, kisha wewe usambaze kiungo. Vyuo vyetu vya Bukavu, Goma na Lubumbashi vina ushirikiano wa muda mrefu na Wabelgiji, na ninasikitika kuona haki hii haitumiki upande wetu.

Wenzangu wote wanaweka PDF za jarida kwenye ResearchGate, ule mtandao wa watafiti, na hakuna aliyeshtakiwa. Kwa nini mimi nijizuie?

Walioshtakiwa si waandishi. Ni tovuti yenyewe. Mwaka 2017 Elsevier na Chama cha Kemia cha Marekani waliipeleka ResearchGate mahakamani mjini Munich, na mwaka uliofuata huko Marekani. Kesi zikamalizika kwa mapatano mwaka 2023. Yaliyowapata waandishi ni kwamba faili zao zilitolewa, nyingine bila wao kujua, na viungo walivyokuwa wamewapa wanafunzi vikafa. ResearchGate ni kampuni ya biashara, na ndiyo maana wachapishaji wengi wanaitenga na hazina za vyuo katika masharti yao. Andika huko jina la makala na kiungo, na msomaji akikuomba nakala mjibu faraghani. Faili yenyewe ikae mahali patakapodumu.

Chuo chetu hakina hazina ya kidijitali. Ni mahali gani hapo patakapodumu?

Hazina ya Zenodo, iliyofunguliwa 2013 na kutunzwa na kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN karibu na Geneva, inapokea kazi za fani zote kutoka nchi yoyote bila malipo, na kila kazi inapewa namba ya kudumu ya DOI. Hazina ya HAL ya Ufaransa, iliyoanza 2001, ina fomu za Kifaransa, jambo ambalo ni nafuu kwa wengi wetu. Angalia kitu kimoja katika fomu ya Zenodo: leseni inayokuja tayari imejazwa ni CC BY, na kama mchapishaji wako amedai CC BY-NC-ND ni lazima uibadilishe kabla ya kubonyeza. Ongeza katika ukurasa wa kwanza wa faili jina la jarida, mwaka na DOI ya toleo lililochapwa.

Ninataka wakulima wa Walungu walionipa mashamba yao wasome matokeo kwa Kiswahili. Je, ninahitaji ruhusa ya mchapishaji?

Swali hili limenifurahisha kuliko yote. Kutafsiri makala nzima, sentensi kwa sentensi, kunahitaji ruhusa ikiwa umehamisha haki zako, kwa sababu tafsiri ni miongoni mwa haki zinazolindwa na Mkataba wa Berne, ambao nchi yetu iliingia mwaka 1963. Lakini haki ya mwandishi hulinda maneno na namna ya kuyapanga. Haiufungi ukweli uliogunduliwa. Kwamba mtaro uliochimbwa kukata mteremko ulizuia udongo mwingi kuliko ukingo wa majani ni habari yako ya kusimulia popote, kwa maneno mapya, bila kumwomba mtu.

Andika kurasa mbili upya, kwa Kiswahili kinachosemwa sokoni Mugogo. Mchoro wa jarida usiunakili. Chora mwingine kutoka kwenye data zako, wenye jina la kilima wanalolijua. Mpe nakala mwalimu wa shule na mwenyekiti wa ushirika, na chini kabisa ya ukurasa uandike DOI ya makala, ili agronomu atakayefika huko mwaka ujao aweze kuifuata kazi yako hadi mwanzo wake.