Kabla ya kujaza mianya ya mawe, tazama kilicho chini

Wanaoiona sakafu ya mawe niliyotandika mwenyewe uani, huku Mukono, Uganda, huniuliza: mianya nijaze saruji au mchanga? Nami huwauliza: mawe yako yamelala juu ya nini?

Kama chini kuna zege, jaza saruji bila wasiwasi. Kama chini ni moramu (udongo mwekundu wenye changarawe) iliyoshindiliwa na vumbi la kokoto, achana na saruji. Ardhi hulowa mvua za Machi hadi Mei, kisha ikakauka, na kila jiwe linalokanyagwa hucheza kidogo. Saruji haichezi. Itapasuka, maji yatapenya, na vipande vitaanza kung'oka kama magamba.

Mawe yangu yamelala juu ya vumbi la kokoto, kwa hiyo mianya nayo nimeijaza vumbi hilohilo. Mchanga wa ziwa ni mzuri kwa kazi nyingi, lakini umeoshwa, hauna unga wa kuushikanisha. Mvua kubwa moja tu huuhamisha. Vumbi la kokoto lina chembe zenye kona pamoja na unga laini. Lifagie likiwa kavu, nyunyiza maji taratibu, shindilia kwa ukingo wa ubao, kisha ongeza tena mpaka likae chini kidogo ya uso wa jiwe. Ukimwaga maji kwa ndoo unalitoa mwenyewe.

Kwa mawe yasiyochongwa, mwanya wa sentimita 1 hadi 2 unatosha. Ukizidi hapo, banza kwanza vipande vidogo vya mawe. Penye sentimita 4 au 5 mimi napendelea kupanda paspalamu, aina ya nyasi: inavumilia kukanyagwa na inashika udongo.

Wanaojaza saruji nao: kipimo kimoja cha saruji kwa vitatu au vinne vya mchanga safi wenye chembe nene, maji kidogo tu. Ukifumbata mchanganyiko ushikamane bila kuchuruzika. Lowesha mawe kwanza, futa madoa kwa sponji kabla hayajakauka, halafu funika kwa magunia mabichi kwa wiki nzima.

Vyovyote utakavyochagua, sakafu iteremke kama sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na ukuta. Na tafadhali weka mfereji kwenye paa: maji yanayodondoka kutoka kwenye mabati huchimba mwanya palepale kila siku ya mvua, na hakuna kijazio cha kuyastahimili.