Meseji 31 za saa tisa usiku

Usiku mmoja, mnamo saa tisa, simu yangu ilipokea meseji 31 kwa mkupuo kutoka kwenye programu inayofuatilia vifaa vya mtandao wa ofisi yetu. Mke wangu ndiye aliyeamka kwanza, akadhani kuna msiba kwetu. Nilipozisoma nikaona ofisi nzima imelala chali: kamera, printa, simu za mezani, seva mbili. Kumbe iliyokufa ni swichi moja tu ya ghorofa ya pili, kile kisanduku kinachounganisha vifaa na mtandao. Vile vifaa 30 vingine vilikuwa nyuma yake, na kila kimoja kikatangaziwa kifo chake.

Programu haikuwa na kosa. Tulikuwa tunatumia Nagios, ambayo Ethan Galstad aliitoa mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, na inajua kutofautisha kifaa kilichokufa na kile kisichofikika kwa sababu njia imekatika. Ila haioteshwi nani yuko nyuma ya nani. Kwenye maelezo ya kila kifaa unaweka mstari wa parents, unataja swichi au ruta kinakopitia, kisha kwenye notification_options, yaani orodha ya hali za kutolewa arifa, unaiondoa herufi u, ile ya visivyofikika. Mimi sikuwa nimeandika hata mmoja. Tulianza na vifaa vinne, nikasema nitaandika vikiongezeka. Vikaongezeka.

Kilichonigharimu zaidi kilikuja baadaye. Kwa kuchoshwa na kelele, nikawa naizima sauti ya simu nikienda kulala, na mchana nafuta meseji bila kusoma. Katikati ya rundo hilo kulikuwa na onyo kwamba diski ya seva ya hifadhidata inajaa. Lilirudiwa siku tatu. Siku ya nne diski ikajaa pomoni, hifadhidata ikagoma, na wahasibu wakakaa kutwa wakinywa chai huku wakinitazama.

Kwa hiyo ukianza leo, anza kwa kupanga namba nne. Nagios haipigi kelele kosa likitokea mara moja. Kwanza huliweka kwenye hali laini, hupima tena, na likishikilia mpaka idadi ya max_check_attempts itimie, ndipo linakuwa hali ngumu na meseji inatoka. Mimi hupima kila dakika 5, kosa likionekana napima kila dakika 1, mara nne kwa jumla. Maana yake, kwa ubaya kabisa nitapata habari kama dakika 8 baada ya tukio. Kwa laini ya intaneti inayokatika sekunde kadhaa mvua ikinyesha, huo ndio usingizi wangu. Kwa mfumo wa malipo ni muda mrefu mno, huo nimeukaza.

Namba ya nne ni notification_interval, yaani meseji irudiwe kila baada ya dakika ngapi. Ukiweka 0 itakuja mara moja tu, na ukiikosa ndiyo basi. Naiacha 60, lakini nikishajua tatizo nalikiri kwenye mfumo, kisha inanyamaza mpaka hali ibadilike. Printa zote nimezitoa kwenye arifa za usiku. Nani anachapa saa tisa?

Halafu kuna jambo ambalo sikulifikiria hadi liliponikuta. Arifa zetu zilikwenda kwa barua pepe, kupitia intaneti ileile tuliyokuwa tunailinda. Intaneti ilipokatika usiku kucha, Nagios iliona, ikaandika meseji, ikaiweka kwenye foleni. Niliipata asubuhi intaneti iliporudi, pamoja na ile ya kusema imerudi.

Sasa seva ya ufuatiliaji ina modemu ndogo ya USB yenye laini ya simu, na programu ya Gammu inatuma SMS bila kuhitaji intaneti yetu. Modemu na seva vyote viko kwenye UPS, betri inayoshikilia umeme ukikatika, kwa sababu umeme nao ni mgonjwa wetu wa kudumu.

Miezi miwili mambo yakawa shwari. Shwari mno. Nilipochungulia nikakuta laini imeisha salio na SMS kumi na moja zimekwama. Tangu hapo kila siku saa mbili asubuhi modemu inanitumia neno moja: "Nipo." Isipofika, naanza na vocha.