Ukitaka kufuga paka mweusi, anza na majirani

Paka weusi niliowajua hapa Walukuba, mtaa wa mji wa Jinja nchini Uganda, wengi hawakufa kwa ugonjwa wala kwa uzee. Walipigwa mawe, walimwagiwa maji ya moto, au walitegewa samaki mwenye sumu kwa sababu mtu alitoka usiku kwenda choo cha nje akakutana na macho mawili yanang'aa gizani. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, ninayefuga paka mweusi katika nyumba za kupanga za Jinja, uanzie wapi, sitakutajia chakula kwanza wala chanjo. Nitakuambia uanze na majirani.

Paka anayeuawa ni yule ambaye hakuna anayejua ni wa nani. Akiwa mweusi, na hana mwenyewe, na anaonekana usiku tu, watu watamtafutia mwenyewe: ametumwa na mchawi, ni jini, ni mzimu wa marehemu ambaye hakuzikwa vizuri. Mtaa wetu ni wa mchanganyiko. Wazee walikuja kutoka kila upande kutafuta kazi za viwandani, ndiyo maana uani tunasema Kiswahili, na kila kabila lilikuja na maneno yake. Wasoga wana yao, Wasamia wana yao, Wajaluo wana yao, Wanubi wana yao. Lakini akipita paka mweusi, wote wanasema nuksi.

Wangu anaitwa Kahawa. Nilipomleta alikuwa mdogo sana, analala ndani ya kofia. Mzee wa mlango wa tatu, tunayemwita jaja, alitoka na kiti chake, akamwangalia muda mrefu.

"Mwanangu, hiyo si paka."

"Ni paka, jaja. Nimempata Masese kwa wale akina mama wa dagaa wa mukene."

"Mama yake ana rangi gani?"

"Ana mistari."

Akatikisa kichwa. Akasema basi ni kama alivyofikiri: paka wa mistari hazai mweusi kama hakuna mkono wa mtu.

Swali la jaja lilikuwa la maana na lilistahili jibu, na wewe pia utaulizwa. Unywele wa paka wa mistari hauna rangi moja. Una vipande vyeusi na vya kahawia vinavyopishana toka shinani hadi nchani, na kuna jeni inayoamuru kupishana huko. Mtoto akirithi kwa baba na kwa mama ile jeni iliyozimika, unywele wake wote unatoka mweusi. Mama wa mistari anaweza kuwa nayo maisha yake yote bila dalili yoyote, akakutana na dume aliye nayo vilevile, na katika uzao mmoja akatoka mweusi tii katikati ya ndugu zake wa mistari. Hapana mkono wa mtu hapo.

Asubuhi moja nilimshika Kahawa, ubavu ukaelekea jua, nikamwomba jaja asogee aangalie. Ndani ya ule weusi mistari ilikuwepo, hafifu sana, ileile ya mama yake: inapinda begani, inashuka mbavuni, inazunguka mkia. Jaja aliifuata kwa kidole hewani, bila kumgusa. Hakusema amekubali. Lakini habari ya mkono wa mtu sijaisikia tena kwake. Kama paka wako bado mdogo, fanya hivyo. Mistari hiyo huonekana zaidi utotoni.

Nimejifunza kwamba kumwambia mtu "hayo ni mambo ya kishamba" kunamfanya ashikilie zaidi. Karibu kila imani ya paka mweusi imeshikwa na kitu ambacho mtu ameona kweli kwa macho yake au amesikia kwa masikio yake. Mwoneshe kile kitu kwa karibu, na pale unapoweza, kiondoe.

Chukua macho. Nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga, ndio unaomwezesha kuona pale ambapo sisi tunapapasa. Paka mweupe anao, wa mistari anao. Kwa mweusi mwili unapotea gizani, yanabaki macho peke yake, na hapo moyo wa mtu lazima uruke. Sasa, ng'ombe na mbuzi wanao utando huohuo. Kwetu kuna mbuzi anayefungwa nyuma ya bafu. Usiku mmoja umeme umekatika, vijana wa uani wanabishana kuhusu Kahawa, nikawaambia wammulike yule mbuzi kwa tochi ya simu. Macho yakawaka. Wakammulika tena, na tena. Toka siku hiyo wale vijana ndio wanaowaeleza wageni.

Kilio cha usiku ndicho kinachotisha kuliko yote, na hapo nawaelewa watu kabisa. Jike anayetaka dume hulia kama mtoto mchanga aliyeachwa nje, na madume wakipigana juu ya mabati saa nane za usiku, hata mimi nisiyeamini hayo naamka. Hili halina maelezo ya kutosha, linataka kuondolewa. Mfunge uzazi jike wako, muhasi dume wako. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, anabeba kwa miezi miwili hivi, na kabla hujageuka una paka saba ambao hakuna atakayewapokea. Si kila daktari wa mifugo aliyezoea ng'ombe na mbuzi hufanya upasuaji wa paka, kwa hiyo uliza mapema ni nani anaufanya karibu nawe. Walio Kampala wana kliniki ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Makerere, na lipo shirika la USPCA linalookoa mbwa na paka na kuwatafutia nyumba. Nyumba yenye paka aliyefungwa uzazi ni nyumba iliyotulia usiku, na majirani wanaliona hilo bila kuambiwa.

Kuna jingine ambalo linaweza kukushtua wewe mwenyewe. Paka mweusi anayeshinda juani, mgongo wake hugeuka kahawia yenye wekundu. Utasikia: mnaona, anabadilika. Ni jua tu linalofifisha rangi ya manyoya, na nywele mpya zitaota nyeusi. Ila kama paka wako hashindi juani na bado anakuwa mwekundu, angalia sahani yake. Weusi wa manyoya unajengwa na protini, na paka wa kulishwa posho, yaani ugali, na mchuzi wa maharage anaikosa. Paka ni mla nyama kweli kweli. Kuna kirutubisho kinachoitwa taurini, ambacho anakipata kwenye nyama na samaki. Akikikosa kwa muda mrefu moyo wake unadhoofika na macho yanapofuka. Sisi wa karibu na ziwa tuna bahati ya mukene. Nunua ile isiyotiwa chumvi, iloweke, ioshe mpaka mchanga uishe kabisa, maana nyingi huanikwa chini, kisha ichemshe bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa paka. Maziwa usiyategemee, paka wakubwa wengi yanawaharisha, na kuhara kwa paka ndani ya chumba kimoja hakuna jirani atakayekuvumilia.

Parasetamoli usimpe kamwe, hata robo ya kidonge. Inamuua.

Narudi kwa majirani. Paka awe na jina, na jina hilo liitwe kwa sauti, mchana, uani, mbele za watu. Mimi nilikuwa nikimwita Kahawa kila jioni wakati wa chakula mpaka watoto wote wakalishika, na paka anayeitwa na watoto wa mtaa si rahisi kupigwa jiwe na watoto haohao. Mvalishe mkanda shingoni, wa rangi kali, nyekundu au ya chungwa, unaofunguka wenyewe akinaswa. Mkanda unasema ana mwenyewe hata wewe ukiwa hupo. Na usiku mlaze ndani. Hapa sina mjadala. Yote ninayoyaandika hayasaidii kama saa saba za usiku paka wako yuko dirishani kwa mtu ambaye mtoto wake ana homa.

Tena kuhusu watoto. Wapo wanaoamini kwamba paka mweusi hunyonya pumzi ya mtoto mchanga. Paka anafuata joto, na kitanda cha mtoto kina joto. Ndiyo maana wamemkuta hapo. Lakini usibishane na mzazi aliyejifungua juzi. Mtoto asiyeweza hata kujigeuza hafai kulala na paka wa rangi yoyote, kwa hiyo funga mlango, mhakikishie mama huyo kwamba umefunga, na umefanya jambo sahihi kwa sababu zako na kwa sababu zake. Mjamzito naye asizoe kinyesi cha paka, kwa kuwa kuna vimelea ndani yake vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Hii ni kweli kwa paka wote, na ni vizuri uiseme wewe kwanza kabla hawajaisikia kwingine ikiwa imegeuzwa uchawi.

Wanaokuja na dini wajibu kwa dini, kwa adabu. Waislamu wenzangu wengi wanaijua hadithi ya Abu Qatada, aliyeinamisha chombo cha maji ya udhu paka anywe, akasema Mtume amefundisha kwamba paka si najisi, ni katika wanaotuzungukazunguka majumbani. Rangi haikutajwa. Majirani Wakristo, kwa upande wao, sijaona mahali Biblia inapomhukumu paka. Hofu ya Ulaya ilikolezwa na watu baadaye: mwaka 1233 Papa Gregory IX aliandika barua kuhusu wazushi wa Ujerumani, na ndani yake akaeleza ibada zao zikiwa na paka mweusi. Leo katika sehemu za Uingereza, na Japani pia, paka mweusi akikukatia njia unahesabiwa umepata bahati. Nimewasimulia watu haya uani, na kinachowagusa ni hicho: paka ni mmoja, huku wanamkimbia, kule wanamfurahia.

Chanjo ya kichaa cha mbwa mpe kuanzia miezi mitatu, na irudiwe kama daktari atakavyopanga, kwa kawaida kila mwaka. Kadi yake itunze, kwa sababu siku Kahawa alipomkwaruza mtoto aliyemvuta mkia, ile kadi ndiyo niliyokwenda nayo kwa wazazi. Hata ukiwa na kadi, jeraha la kung'atwa au kukwaruzwa lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Nenda naye. Lipa wewe nauli ya boda.

Adui mkubwa zaidi wa paka wako huenda asiwe mchawi wala mwogopa wachawi. Ni yule kijana anayepita na kipaza sauti akitangaza sumu ya panya, mende na kunguni. Panya aliyekula sumu anapepesuka, paka anamkamata kwa urahisi, na anakufa naye. Zungumza na wenzako wa uani kabla hawajanunua. Hapa ndipo paka mweusi anapata nafasi ya kujitetea kwa kazi: aliye na magunia ya mahindi au unga anajua panya wanamla kiasi gani, na akiona paka anafanya kazi ile bila sumu iliyotapakaa karibu na chakula cha watoto, rangi anaisahau. Muuza unga wa kwetu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote dhidi ya Kahawa. Sasa anamwomba alale dukani kwake.

Na kama mwenye nyumba amekataa kabisa, au jirani amekuambia waziwazi kwamba atamuua, usimlete kwa siri ukitumaini watamzoea. Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, anaweza kuwakalisha mkazungumza, na Uganda ina sheria inayokataza ukatili kwa wanyama, lakini kesi haimfufui paka. Mtafutie kwanza nyumba nyingine: mwenye ghala, mwenye duka la nafaka, mwenye boma lenye ua wake. Mwambie tangu mwanzo kwamba paka ni mweusi, usubiri umwone usoni anavyolipokea neno hilo, ndipo umpeleke.