Kubadilisha sampu ya injini nyumbani

Ndugu uliye Mafinga, nimekuelewa: jiwe limepasua sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya Corolla yako, oili inadondoka usiku kucha, nawe ungependa kuibadilisha mwenyewe uani. Inawezekana, mradi kwanza uchungulie na kuhakikisha kwamba ekzosi au chuma cha fremu hakiizibi. Ukikuta ni lazima injini inyanyuliwe ndipo sampu itoke, mwachie fundi, tena gari livutwe, lisiendeshwe.

Egesha pahali tambarare na pagumu, kwa kuwa udongo wetu mwekundu ukilowa humeza jeki, kisha ukalishe gari juu ya stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee.

Ukishamwaga oili na kutoa sampu, kazi hasa ni usafi. Mara ya kwanza, hapa Uyole, nilikwangua silikoni (gundi ya kuziba) ya zamani harakaharaka, nikaacha kipande chembamba kama ganda la kitunguu, na kesho yake tone lilikuwa palepale. Safisha nyuso zote mbili, ya sampu na ya injini, hadi zikauke mafuta, paka silikoni mstari mmoja usiokatika, unaopita upande wa ndani wa matundu ya bolti, rudisha sampu, kisha kaza bolti kwa kupishana, kidogo kidogo, kwani hizi ndogo za spana namba 10 hukatika upesi. Fuata muda wa kukauka ulioandikwa kwenye tyubu, na kwa baridi ya Juni uongeze; mimi hungoja hadi kesho yake.

Jaza oili hadi alama ya kijiti cha kupimia, uwashe. Taa nyekundu ya oili isipozimika ndani ya sekunde chache, zima injini mara moja umwite fundi.