Kirudishe, Lakini Usikirudishe Kama Mwizi

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Ohio, Marekani, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao. Kwa miaka minne nilimhudumia bibi mmoja wa miaka 91. Mwaka jana tukiwa jikoni alinikabidhi chombo cha maua cha kauri, akasema kilikuwa cha bibi yake na sasa ni changu. Kimechorwa kwa mkono: ziwa, nyumba ndogo na batamaji wawili, mdomoni kimepakwa dhahabu. Chini kina muhuri wa kijani, herufi M ndani ya shada la majani, na neno Nippon. Kampuni yetu hairuhusu kupokea zawadi, kwa hiyo sikumwambia mtu. Bibi alifariki mwezi wa pili, hata mazishini sikuitwa. Sasa mwanawe ananipigia kila siku. Anayo picha ya chombo kikiwa sebuleni kwa mama yake, na ameona vya namna hiyo mtandaoni vinauzwa maelfu ya dola. Nisipokirudisha ataita polisi. Mume wangu anasema tukiuze tulipe kodi ya nyumba, kwani nilipewa. Mwenzangu wa kazini anasema nikane tu. Kuna siku bibi alikuwa ananisahau jina, lakini siku ile alikuwa na akili zake. Nifanyeje?
Mtunza Wazee, Ohio

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba. Nakupa pole kwanza kwa sababu katika barua yako yote, habari ya mazishi umeipitia kwa maneno matatu, na mimi hapo ndipo niliposimama. Miaka minne umemwogesha mtu, umemlisha, umekesha naye, kisha akazikwa wewe huna habari. Hakuna hata aliyekuja kukupa mkono wa pole. Nitarudi hapo.

Tuanze na hicho chombo, maana naona mume wako na huyo bwana, mwana wa marehemu, wanagombania bei ya kitu wasichokijua. Nippon ni jina ambalo Wajapani wenyewe wanaiita nchi yao. Marekani ilitunga sheria ya ushuru mwaka 1890 iliyotaka bidhaa kutoka nje ziandikwe nchi zilikotoka, na kuanzia 1891 vyombo vya Japani vikawa vinaingia huko vikiwa na neno hilo. Mwaka 1921 wakatakiwa waandike Japan. Kwa hiyo muhuri wako, kama ni wa kweli, unakutajia umri: chombo kimeshapita miaka mia. Ile M ni ya Morimura, ndugu wa Kijapani waliofungua biashara New York mwaka 1876, na mwaka 1904 wakaanzisha kiwanda kijiji cha Noritake, karibu na Nagoya.

Vyombo hivyo vilivuka bahari kwa meli, shehena kwa shehena, kwa ajili ya nyumba za watu wa kawaida wa Marekani. Vilikuwa vingi, na vingi vipo mpaka leo. Vinavyofika maelfu ya dola ni vile vikubwa na vya nadra. Vingine vingi huuzwa makumi ya dola, au mia chache. Hiyo bei aliyoiona bwana yule ni bei anayoitamani muuzaji, haimaanishi kuna mtu aliyeitoa. Tena muhuri huo wa kijani umeigizwa sana, wapo wanaougonga kwenye vyombo vya juzi juzi.

Ukitaka kujua kilichofanyika kwa mkono, kisogeze dirishani uazime miwani ya kukuzia. Picha ya kubandika huonyesha vinukta vidogo vilivyojipanga sawasawa. Iliyochorwa kwa brashi huonyesha mvuto wa mkono: shingo ya batamaji inaanza nene, inapanda, inakonda pale brashi ilipoisha rangi. Angalia na batamaji wa pili, hawezi kufanana kabisa na mwenzake. Na usikisugue kwa sifongo. Dhahabu hupakwa mwisho kabisa na kuchomwa kwa moto mdogo kuliko ule uliochoma kauri yenyewe, kwa hiyo inatoka kwa kusuguliwa.

Sasa wewe. Naamini ulipewa. Lakini kupewa kuna masharti yake, na huko uliko sheria inaangalia mambo haya: mtoaji alikusudia kutoa, alikabidhi kitu mkononi, na alikuwa na akili timamu alipotoa. Mawili ya mwanzo unayo. La tatu ndilo linalokusumbua usiku, vinginevyo usingeniandikia kwamba alikuwa anakusahau jina.

Nilimuuguza mama yangu miaka yake ya mwisho. Kanga moja aliwapa watu watatu, kila mmoja kwa siku yake, na kila mmoja alimwambia, "Hii nimekuwekea wewe." Wote watatu walikuja kuichukua baada ya arobaini. Nami niliona kila mmoja anasema kweli. Mama alikuwa amesahau kanga, hakuwa amewasahau wale watu. Ndiyo maana nakuambia bibi yako inawezekana kabisa alijua anampa nani, hata kama asubuhi yake alishindwa kukuita jina. Lakini huwezi kulithibitisha, na wewe ulikuwa mtu aliyelipwa kumlinda. Kanuni ya zawadi iliwekwa kwa ajili ya hali kama hii hasa, ikulinde na wewe. Ulikosea kunyamaza. Ungesema siku ile ile, leo yangekuwa mengine.

Mume wako mwambie hapana, na umwambie leo. Mkikiuza, mtakuwa mmelipa kodi ya mwezi mmoja kwa kitu kinachodaiwa, na jina lako ndilo litakaloandikwa polisi. Huyo wa kazini usimsikilize kabisa. Njia ya mwongo ni fupi, na yako ni fupi zaidi maana picha ipo.

Kirudishe. Lakini usikirudishe kama mwizi, usiku, mlangoni, ukiomba msamaha kwa kosa ambalo hukulitenda. Kwanza kaa chini uandike yote: siku ile ilikuwa lini, mlikuwa mnafanya nini pale jikoni, alisema maneno gani. Andika kwa Kiswahili kama ndivyo unavyoyakumbuka vizuri. Kipige chombo picha pande zote na chini. Kisha, kabla ya kuongea tena na huyo bwana, tafuta ofisi ya msaada wa kisheria. Nyingi hazitozi watu wa kipato kidogo. Usiweke sahihi kwenye karatasi yoyote wakili hajaiona. Akishakushauri, iambie kampuni wewe mwenyewe, kabla hawajaambiwa na mwingine. Huenda wakakupa onyo, huenda ukapoteza kazi, sitakuficha. Wakisikia kutoka kwa mwenye hasira itakuwa mbaya zaidi.

Makabidhiano yafanyike mchana, kwa wakili au ofisini, na msimamizi wa mirathi asaini amepokea chombo kikiwa kizima, na kwamba ulieleza ulipewa na marehemu kwa mkono wake. Neno hilo "ulipewa" lisiachwe nje ya karatasi. Siku ya kukipeleka usikinyanyue kwa masikio, kishike tumboni na kitakoni, ukifunge kwa taulo.

Huenda akaona aibu akakuachia. Huenda asikuachie. Nimekaa na barua yako siku mbili nikitafuta njia ya wewe kubaki nacho na roho yako ikatulia, sikuiona.

Na yule bwana, mwanangu, usiingie kwake na hasira. Anakupigia kila siku kwa sababu ya chombo cha bibi wa mama yake, na mama mwenyewe kaondoka. Mpe pole ya mama yake kabla hujataja chombo. Mkishamaliza kusaini, muulize kaburi liko wapi, uende ukamzuru.